Kombe wa Kitaliano waingia Ngombezi ndani ya gunia!

UKIMWAMBIA mtu wa mjini kwamba Jumamosi unakwenda Ngombezi kula chakula cha Kitaliano, atakuangalia mara mbili, kisha atakuuliza kama umeshapima malaria. Ngombezi! Pale Korogwe, kwenye mkonge mpaka macho yanachoka! Chakula cha huko kinajulikana: ugali, maharage, mchunga, na siku ya sikukuu kuku wa kienyeji. Mtaliano atoke wapi?

Sikiliza sasa, msomaji wangu, maana safari hii sikuifanya kwa ajili ya kuringa. Niliifanya kwa sababu ya bibi.

Bibi yangu mzaa mama ni mtoto wa Tongoni, kusini ya jiji la Tanga kwenye barabara ya Pangani. Ndiyo kule kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Bahari ya kule ndiyo iliyomshinda Vasco da Gama, mwaka 1499, watu wake wakaichoma wenyewe meli yao ya São Rafael, kwa sababu mabaharia walikuwa wamekwisha kwa maradhi na hakukuwa na wa kuiendesha. Bibi haya ya Wareno hana habari nayo. Yeye anaikumbuka bahari ile kwa jambo moja tu: kombe.

Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 18, bibi aliolewa na kijana wa bara aliyekuwa akikata mkonge. Babu alitoka Kigoma. Alikuja kwa mlango wa SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanza mwaka 1944 kukusanya vibarua mikoani, wale waliokuja kuitwa manamba. Mkonge ndio ulikuwa dhahabu wakati ule. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani zinazokaribia 230,000, na duniani hapakuwa na wa kutufikia. Bibi akafunga kanga zake akaelekea Ngombezi, na mpaka leo yuko Ngombezi. Babu alishatangulia mbele ya haki. Bahari mara ya mwisho aliiona mwaka 2009, tena kwenye msiba.

Sasa mwaka huu bibi aliugua. Si ugonjwa wa kulazwa, ila ule wa wazee, chakula hakipandi. Uji anaonja vijiko viwili anasukuma bakuli. Mjomba, ambaye anaishi naye, akanipigia simu akanipa bibi tuongee.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Hujambo?"

"Mimi sijambo, wasiwasi kwako wewe. Nasikia huli. Nikuletee nini?"

Kimya. Nikadhani salio limekwisha. Kisha nikasikia: "Nimewakumbuka kombe."

Nikaona hapa hapana mjadala.

MAMBO YA KIWENGWA

Kabla sijaenda mbali nikueleze huyo Mtaliano ameingiaje. Nilipomaliza kidato cha nne na cheti changu chenye alama za kuona haya, nilivuka maji nikaenda Unguja kutafuta riziki. Nikaangukia Kiwengwa, pwani ya mashariki, ambako Waitalia wamejaa mpaka wauza vinyago wanaongea Kitaliano kuliko mimi ninavyoongea Kiingereza. Nikapata kibarua cha kuosha vyombo katika jiko la hoteli moja. Nikiosha naangalia. Mpishi wetu, mshikaji mmoja wa Makunduchi, alikuwa na roho ya kufundisha.

Chakula kilichonishika pale ni kome. Hapa majina yanachanganya, kwa hiyo tuelewane. Kome wa Waitalia, wao huwaita cozze, ni wale wenye maganda mawili marefu meusi, yanayong'aa kama kiatu cha afisa. Kwao wanafugwa baharini kwenye kamba, na mji wa Taranto una jina kubwa kwa kazi hiyo. Napoli wana pishi la kome na pilipili manga linaloitwa impepata. Huku kwetu nenda Tanga umwambie mtu kome, anaweza kukuletea mdudu mwingine kabisa. Wa maganda mawili wanaookotwa na kina mama wetu kwenye matope ni kombe: mnene, mviringo, ganda gumu lenye mifereji kama bati la nyumba.

Nilimuuliza yule mpishi kama pishi la cozze linaweza kufanywa kwa kombe. Akacheka. "Kombe ni kombe," akasema. "Wao wana mdudu wa maganda mawili, saumu, mafuta na mvuke. Wewe umekosa nini?"

Maneno hayo yalikaa kichwani. Bibi aliposema amewakumbuka kombe, mimi kijana wa mjini nikajisemea: nitampelekea kombe, lakini nitampikia kimataifa.

KUSUBIRI MWEZI

Kombe haokotwi siku yoyote unayotaka. Nilipofika Tongoni mara ya kwanza mama mmoja muokotaji alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, haya ni maji mafu. Rudi bamvua."

Kwa wewe uliyezaliwa Magomeni: mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu, bahari inajaa sana na kutoka sana. Hiyo ndiyo bamvua. Maji yakitoka, matope na nyasi za bahari zinabaki wazi, na kina mama wanaingia na ndoo zao. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari haiendi mbali, kombe wanabaki chini. Kwa hiyo safari yangu ya Ngombezi ilipangwa na mwezi, haikupangwa na kalenda ya ukutani.

Jambo la pili: ukifika sokoni, kombe wengi wanauzwa nyama tu, wameshachemshwa na kutolewa maganda. Mimi nilitaka wazima, ndani ya maganda yao. Hiyo ni oda maalumu. Mama akakubali. Ijumaa asubuhi maji yalipotoka aliingia, mimi nikasimama kavukavu kama bwana shamba. Aliporudi nikahesabu: kombe 160. Akaniambia mambo matatu, na nakuomba uyashike maana ndiyo roho ya makala hii.

"Kwanza, walaze usiku mmoja ndani ya maji ya bahari wateme mchanga, maji uyabadilishe. Pili, kwenye safari usiwatie ndani ya maji. Maji ya ndoo yakikaa wanakosa pumzi. Watie kwenye kitu kinachopitisha hewa, ukiloweshe kwa maji ya bahari. Usitumie ya bomba, yatawaua. Tatu, aliyekufa usimle. Hata kama una njaa."

Nikabeba ndoo yangu na madumu mawili ya maji ya bahari mpaka Ngamiani. Usiku nikaamka mara mbili kubadilisha maji, mwenye nyumba akadhani nimeanza uganga.

Kitu kinachopitisha hewa kikawa mtihani. Magunia ya siku hizi ni sandarusi, plastiki tupu, ukimtia kiumbe ndani umemuoka. Nilizunguka sokoni mpaka kwa mzee mmoja muuza nafaka nikapata gunia la zamani la katani. Akaniuliza la nini. Nikamwambia la kombe. Akaguna. Gunia la katani likilowa halikauki upesi, na upepo ukilipiga linapoa lenyewe, kama mtungi wa maji. Ndipo nikaona kichekesho: mkonge ulitoka bara kuja Tanga, sasa unarudi bara umempakata kombe.

MSALABA WA NJIANI

Jumamosi saa tatu asubuhi tukaondoka stendi. Tanga mpaka Korogwe haifiki hata kilomita 110: unapita Pongwe, unapita Muheza kwenye machungwa yake, Hale, kisha Segera njia panda, unakunja kulia na hiyo Korogwe. Nilipiga hesabu kwamba saa sita niko kwa bibi.

Konda alianza mapema. "Wewe, mzigo wako unatoa maji."

"Ni maji ya bahari tu."

"Nani kakwambia gari langu linataka bahari?"

Tukaelewana kwa nauli ya ziada. Gunia likakaa miguuni pangu, nikawa nalinyunyizia kama mtu anayemwagilia mchicha. Abiria wa jirani, mama mtu mzima, akaniuliza kuna nini. Nilipomwambia akahamia kiti cha nyuma.

Tulipita Muheza salama. Mbele kidogo, kabla ya Hale, gari likakohoa mara tatu likanyamaza. Saa nne na robo. Dereva akashuka, konda akashuka, boneti likafunguliwa, na abiria wote wakageuka mafundi. Wakasema dakika kumi. Msomaji, wewe ni Mtanzania, dakika kumi za fundi wa njiani unazijua.

Jua likapanda. Nikalitoa gunia nje nikaliweka chini ya mwembe. Dumu langu la maji ya bahari lilikuwa lita 5, na kila robo saa nilimwaga kidogo. Saa sita dumu likabaki nusu. Saa saba likabaki la kunawa mkono. Nikasimama pale nikiwaza kununua maji ya chupa, nikakumbuka ya yule mama: maji matamu yatawaua. Hapo ndipo elimu yangu ya kidato cha nne ikanifaa kwa mara ya kwanza. Maji ya bahari yana chumvi ya kama gramu 35 kwa kila lita moja. Nikanunua chupa za maji na pakiti ya chumvi kwenye genge la njiani, nikachanganya kwa kukadiria: vijiko viwili vya mezani visivyojaa sana kwa lita. Muuza genge akaniangalia nikimwagia gunia maji ya chumvi. Hakusema kitu. Aliwavuta wanawe ndani tu.

Gari likapona saa nane. Saa kumi kasoro nikashuka Korogwe, nikapanda bodaboda na gunia mapajani.

NGOMBEZI

Ukitoka mjini Korogwe kwenda Ngombezi, kitu cha kwanza ni mistari. Mkonge umepandwa kwa mistari iliyonyooka, na bodaboda ikikimbia mistari inafunguka na kujifunga kama kitabu kinachopekuliwa na upepo. Milima ya Usambara imesimama kaskazini, ya buluu. Kisha inakuja harufu. Ukikaribia korona, yaani mashine inayokwangua majani kutoa singa, kuna harufu kali ya majani yaliyochacha. Mgeni anaziba pua. Mimi kwangu harufu ile ni likizo ya shule ya msingi. Baada ya harufu unaona singa zimeanikwa kwenye nyaya, nyeupe, ndefu, utadhani kijiji kizima kimefua nywele.

Mkonge wenyewe ni mgeni hapa. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ikapita Hamburg, ikaja kwa meli mpaka pwani yetu. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka hiyo 62 ndiyo yakatoka mashamba haya, na reli iliyofika Korogwe mwaka 1902 ikayabeba. Na vibarua, na SILABU, na babu, na bibi, na mimi mwenyewe ninayekuandikia.

Nakwambia haya kwa sababu nilipofungua gunia uani kwa bibi, hesabu ya Hindorf ndiyo iliyonijia.

ALIYEKUFA NA ALIYE HAI

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, amepungua kuliko nilivyotarajia. Mkono wake niliposhika ulikuwa mwepesi kama singa. Lakini gunia lilipofunguka na ile harufu ya matope ya bahari ikatoka, alinyanyua kichwa.

"Wa Tongoni hawa?"

"Wa Tongoni, bibi."

Akamchukua mmoja akamnusa. Akafumba macho. Sikumsemesha.

Kazi ikaanza. Kombe aliye hai amefunga ganda lake. Kama amefunua kidogo, mgonge na mwenziwe au mbonyeze: aliye hai atajifunga. Asiyejifunga amekufa, na aliyekufa anaoza upesi kuliko samaki. Aliyepasuka ganda naye nje. Anayenuka naye nje. Nikakaa na beseni mbili, mmoja mmoja, gonga, subiri, weka. Nilipomaliza, hai walikuwa 113. Waliokufa 47.

Hindorf nilimshinda, lakini roho iliniuma. Bibi akaangalia beseni ya wafu.

"Hao nao wapike."

"Bibi, wamekufa."

"Wamekufa leo. Mimi nimekula kombe tangu sijaota meno, nimekufa?"

Mjomba naye akaingia, si kwa kumsaidia bibi. "Mama, konokono ni konokono, hai au maiti. Mimi simo." Mjomba damu ya Kigoma imemzidi. Kwake chakula cha maji ni dagaa na mgebuka, basi.

Jamani, ni kitu kigumu kumnyima mgonjwa chakula alichokiomba, tena mwenyewe ndiye mkubwa wako. Lakini kombe na kome wanakula kwa kuchuja maji. Siku nzima wanavuta maji, wanabakiza kilichomo. Maji yakiwa safi, wao safi. Maji yakiwa na uchafu wa vyoo, wao ndio kapu la uchafu. Hata Waitalia wenyewe wamelipia somo hili. Mwaka 1973 mwezi Agosti kipindupindu kiliingia Napoli, lawama zikawaangukia kome, na mashamba ya kome ya ghuba ile yakang'olewa. Napoli hiyo, Ulaya! Na sisi kipindupindu si hadithi ya Ulaya: cha mwaka 2015 kilianzia Dar es Salaam mwezi Agosti hiyohiyo kikatambaa mikoani. Mzee asiyekula wiki mbili hana nguvu ya kupambana na tumbo la kuendesha hata usiku mmoja.

Nilimwambia bibi hivyo, kwa maneno laini zaidi. Hakunijibu. Nikachukua ile beseni ya 47 nikaenda nayo nyuma ya nyumba nikachimba shimo. Niliporudi alikuwa amegeukia ukutani.

PISHI LENYEWE

Wewe utakayejaribu nyumbani, shika kalamu.

Sugua maganda. Mimi nilikosa brashi, mjomba akanitupia fumba la singa bila kuniangalia. Singa zinasugua ganda la kombe kuliko brashi yoyote ya dukani.

Katika sufuria pana weka mafuta vijiko vitatu. Waitalia wanatumia ya zeituni, mimi nilitumia ya alizeti na hakuna aliyelalamika. Katakata punje sita za kitunguu saumu na pilipili kali moja, kaanga mpaka saumu inukie. Ikigeuka kahawia umechelewa, anza upya. Tia nyanya nne zilizokatwa. Hapo wao wanamwaga mvinyo mweupe. Nyumbani kwa bibi mvinyo hauvuki kizingiti, kwa hiyo nilitia maji nusu kikombe na ndimu mbili. Uchachu ndio unaotafutwa, na ndimu inao. Tia pilipili manga ya kusaga, na ukipata ya Muheza, ya miguuni pa milima ya Amani, umemaliza.

Chumvi usitie. Rudia: chumvi usitie. Kombe amekuja na chumvi yake kutoka kwao.

Moto uwe mkali. Mimina kombe wote, funika, usifunuefunue. Baada ya dakika chache utasikia maganda yanagonga mfuniko kama watu wanaoomba kufunguliwa mlango. Hapo Kiwengwa mpishi wangu alikuwa anaipua papo hapo, nyama ibaki laini. Mimi sikuipua. Baada ya kufunguka niliwaacha ndani ya mchemko dakika tano nyingine. Najua nyama inakaza kidogo. Afadhali nitafune kuliko nihesabu matone ya dripu.

Ambaye hakufunguka kabisa usimlazimishe kwa kisu, mtupe. Kwangu walikuwa wanne. Wakabaki 109. Nyunyiza giligilani, pakua na bofulo la kuchovya. Wengine hutia tambi, na tambi hizo hazitiwi sukari wala iliki. Nilipomweleza bibi hilo aligeuka kutoka ukutani kwa mara ya kwanza. "Tambi bila sukari? Maskini wa Mungu."

SAHANI YA BIBI

Nilimpakulia kwenye bakuli. Nikakaa kwenye kigoda nikajifanya nashughulika na jiko.

Akamtoa wa kwanza ganda moja, akalitumia ganda lenyewe kama kijiko, akanywa mchuzi. Akatafuna muda mrefu. Mzee hana meno mengi, na zile dakika tano zangu nilizijutia pale.

"Hiki ndicho chakula cha Waitalia?"

"Ndiyo bibi."

"Mama yangu alikuwa anapika hivihivi. Kombe, ndimu, pilipili. Ila yeye alikuwa na nazi, na kitunguu cha kawaida. Huyu Mtaliano wako ni kombe wa mama yangu aliyenyang'anywa nazi."

Nusu mwaka wa kuosha vyombo Kiwengwa, hukumu yake ndiyo hiyo! Sikuwa na la kusema. Ukifikiri, ni kweli. Watu wote wenye bahari na wasio na fedha wamefika kwenye sufuria ileile: mdudu wa bure, kitu kichachu, kitu kikali, mfuniko.

Alikula saba. Nilihesabu kwa maganda. Pia alikula kipande cha bofulo alichochovya. Kwa mtu aliyekuwa anasukuma uji, saba ni karamu. Nisikudanganye kwamba alipona pale pale akacheza mdumange. Usiku alilala mapema, nami nililala jicho moja wazi nikisikiliza kama ataenda msalani. Hakwenda. Asubuhi aliniita.

"Mume wangu, jana ulinikasirisha."

"Nisamehe bibi."

"Wale arobaini na saba. Uliwafukia vizuri? Paka asije akafukua."

Ndiyo yakaisha. Kisha akaamuru maganda yasitupwe. Yatwangwe, kuku wapewe, mayai yanakuwa na ganda gumu. Ikawa kazi yangu ya Jumapili nzima, kinu na mchi, kijana wa mjini nimekunja suruali.

Na mjomba? Mjomba aliyesema simo, nilimkuta alfajiri jikoni na kipande cha bofulo anafuta sufuria ya mchuzi. Kombe wenyewe amewasukuma pembeni kwa heshima, hakumgusa hata mmoja.

"Mjomba, si ulisema konokono?"

"Konokono sijamla," akasema. "Nakula nyanya."

Nikaondoka Jumapili jioni. Gunia nililiacha limeanikwa kwenye waya, kando ya singa. Bibi kaniagiza nilichukue mwezi ukiandama, na safari ijayo nije na nazi mbili za Tongoni, atanionyesha jinsi Mtaliano anavyotakiwa kupikwa.

Basi wewe msomaji wa mjini ambaye feri ya samaki iko nusu saa kutoka kwako, una kisingizio gani? Uliza bamvua ni lini, uliza wameokotwa wapi, mbali na mitaro ya maji machafu, gonga ganda mmoja mmoja. Na asiyejifunga, hata kama ni wa bibi, mfukie.

Wiki ijayo tukijaliwa, nitakupeleka Lushoto kwenye baridi. Mpaka hapo, kaa chonjo na sufuria yako!